Marehemu Ndinda Anapika Isyo

Haya, futeni machozi. Najua mmeshinda wiki nzima mkimlilia marehemu Ndinda, mke wa yule mwimbaji wetu asiyeonekana na watu, Mwana wa Ivia, yaani mwana wa jiwe, ambaye wimbo wake "Kitambaa Chekundu" umewaliza watu kutoka Tawa mpaka Kwa Vonza. Mmelia bure. Jonah Mwangangi alipobisha mlango wa yule mfiwa kule juu ya Kikima, aliyefungua alikuwa marehemu mwenyewe.

Alikuwa na mwiko mkononi.

"Unatafuta nani?" aliuliza.

Jonah, mwenye duka la rekodi pale Tawa, alirudi nyuma mpaka akakanyaga kuku. Yeye ndiye aliyemrekodi Mwana wa Ivia. Yeye ndiye aliyekwenda redioni, akatangaza kwa sauti ya kutetemeka kwamba wimbo ule ni wa mwanamume aliyefiwa na mke kipenzi. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliusikia wimbo, akalia, akaona haiwezekani mtu mzima alie namna hii bila maiti.

"Natafuta kwa Mwana wa Ivia," alisema.

"Ni hapa. Jina lake la nyumbani ni Ndolo. Mimi ni bibi yake."

"Bibi wa pili?"

"Wa pili! Kwani wa kwanza ni nani?"

"Na jina lako ni nani, mama?"

"Ndinda."

Jonah akakaa chini pale pale, na suti yake ya kijivu, juu ya mavi ya kuku.

Ndolo alitokea nyuma ya nyumba na gita lake kwapani. Wale mliomchora kichwani kama mtu mwembamba mwenye macho ya kulia, poleni tena. Ndolo alikuwa na mashavu. Alikuwa na kitambi cha mtu anayependwa jikoni. Alimwona prodyusa wake chini, akacheka kicheko cha kutikisa mabega.

"Jonah! Si nilikwambia usije kwangu?"

"Ndolo, wewe uliniambia bibi yako alikufa!"

"Mimi? Wewe uliniuliza bibi yangu anaitwa nani, nikakujibu Ndinda. Nikaona ni adabu tu, unaniuliza hali ya watu wa nyumbani."

"Lakini ulikuwa na uso wa kufiwa!"

"Nilikuwa na jino linaniuma."

Jonah alishika kichwa. Jino! Watu walikuwa wameacha kula kwa sababu ya huo uso. Kule Kwa Vonza, fundi mmoja wa baiskeli aliusikiliza wimbo mpaka akamrudia mke aliyekuwa amemfukuza, akisema hataki kungoja kaburi ndipo amthamini. Makanisani, ambako gita ni chombo cha shetani kila Jumapili, akina mama waliinunua rekodi kimya kimya. Walisema huu si wa kucheza, huu ni wa kulia, na kulia hakujakatazwa na mchungaji yeyote.

"Sasa sikilizeni," Jonah alisema, akiinuka na kujipangusa. "Leo mchana lori inakuja. Mchungaji Muthama na kwaya yake yote ya Tawa. Wanaleta msalaba. Wanataka kufanya ibada kwa kaburi."

"Kaburi la nani?" Ndinda aliuliza.

"Lako."

Ndinda alirudi jikoni akageuza isyo, ile sufuria ya mahindi na maharagwe. Akarudi mlangoni.

"Na hao watu wa kaburi langu," aliuliza, "watakula?"

"Mama, nakuomba! Leo tu. Kaa ndani, usikohoe, usiimbe. Wakienda, unafufuka. Wakijua uko hai, nani atalia tena na hiyo wimbo? Nitaambia watu nini? Ati alikuwa na jino?"

"Mimi nina shida yangu, bwana. Leo mama yangu anakuja kunichukua." Ndinda alionyesha kwa mwiko. Sanduku la bati lilikuwa kando ya mlango, limefungwa kamba. "Nimemwambia Ndolo asubuhi. Mama akija leo, na huyu anyamaze vile hunyamaza, naenda. Na nikienda sirudi."

Kicheko cha Ndolo kilikufa. Aliangalia sanduku, kisha akaangalia miguu yake.

"Ndinda, unajua siwezi kuongea na yeye."

"Basi utaongea na sufuria."

Hapa nisimamishe kidogo kwa ajili ya msomaji wangu wa mbali, maana Mkamba tayari ameshaelewa na anacheka. Huku kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani, mwingine anajifunika uso. Ni heshima. Wengine huimaliza mapema, mbuzi na blanketi zikapelekwa kwa mama mkwe, watu wakanywa chai pamoja. Wengine huiendeleza kidogo tu, wanaongea ukuta ukiwa katikati. Ndolo alikuwa na haya kuliko Wakamba wote. Tangu amwoe Ndinda, mama mkwe wake Kalondu hakuwahi kumwona uso wala kumsikia akisema neno. Kitu pekee alichomjua nacho ni kikohozi, kile kikohozi kikavu cha kusema niko hapa, pita mbali.

Na angalia akili ya huyu bwana. Alitoka kwao Kwa Vonza kuja kutafuta shamba milima ya Mbooni. Mlima mzima una mashamba. Yeye akanunua lile lililo juu ya njia anayopita mama mkwe akienda soko la Kikima! Ndiyo maana haendi sokoni, haendi harambee, haendi matanga. Watu wa redio wakasema huzuni imemfungia ndani.

"Ngoja kwanza," Jonah alisema. "Kama hujafiwa, huyo wa kitambaa chekundu ni nani? Nani unamwimbia?"

Ndolo alifungua mdomo.

Kutoka njiani kikaja kikohozi. Kilikuwa cha mwanamke, kizito, cha mtu anayejua haki zake.

"Mama!" Ndinda alisema.

Ndolo hakungoja. Alikimbia na kitambi chake na gita lake, akajirusha ndani ya ghala la mahindi, akavuta mlango. Panya wawili wakatoka kumpisha.

Kalondu aliingia uani akiwa na kiondo mgongoni, mkanda umemkaa kwenye paji la uso, na kichwani kitambaa chekundu. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Hakumtazama mtu. Aligeukia ghala, akaongea na binti yake.

"Ndinda, mwanangu. Mwambie yule aliye mahali alipo kwamba nimekuja. Mwambie binti yangu si wa kuolewa na kikohozi."

"Mwaitu, keti kwanza," Ndinda alisema. Mwaitu, yaani mama yangu.

"Siketi. Mjomba wako Mulei alizikwa, huyu hakuja. Kanisa liliezekwa, huyu hakuja. Mimi nilianguka na hiki kiondo hapo chini kwenye mkonge, nikalia, hakuna mtu alitokea. Kesho yake nikapata mawe yametolewa njiani. Malaika walitoa mawe. Mume wako alikuwa amelala!"

Ghalani kitu kiligonga ubao. Pengine kichwa.

Jonah alijipenyeza mbele, akavaa tabasamu la dukani. Alitaka huyu mama aondoke kabla ya lori. "Mama, hujambo? Mimi ni Jonah Mwangangi wa Tawa. Wa rekodi."

Kalondu aligeuka. Uso wote ulibadilika.

"Wewe ndiye ulirekodi Mwana wa Ivia?"

"Ndiye mimi."

Kalondu alimshika Jonah mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa tayari.

"Mtoto wangu, huyo mtu mnamlisha? Ako na mtu wa kumfulia? Kila Jumapili jioni nakaa na redio. Akiimba nalia mpaka chai inapoa. Nikasema, hapa kuna mwanamume anajua kupenda mtu. Ona vile amekaa na huyo marehemu moyoni. Na mimi binti yangu nimempa nani? Nimempa panya wa ghala!"

"Mwaitu, polepole," Ndinda alisema.

"Nyamaza, nimeomba Mungu kwa hii maneno. Jonah, unisikilize. Huyo kijana amepoteza Ndinda. Ni kweli ama si kweli?"

"Ni... watu wanasema hivyo, mama."

"Na mimi Mungu amenipa nani? Ndinda! Nilisikia hilo jina kwa redio nikaruka kwa kiti. Leo namchukua huyu, namtoa kwa huyu kikohozi, na wewe utanipeleka kwa Mwana wa Ivia. Nampatia mke. Hata jina hatahitaji kujifunza lingine."

Ndinda aliangusha mwiko.

Ndugu msomaji, mimi nimeandika hadithi nyingi na sijawahi kuona mama akija kumnyang'anya mtu mke ili akampe huyo huyo mtu. Lakini usimcheke Kalondu. Alikuwa anaongea ukweli wake wote, na sauti ilikuwa inamkatika.

Na Jonah? Jonah alikuwa mfanyabiashara. Aliangalia ghala, akaangalia Ndinda, na kichwani mwake ikaanza kuzunguka rekodi mpya: mfiwa amepata faraja, mke mpya, jina lile lile, na msalaba wa kanisa haupotei bure. Ibada mchana, arusi jioni!

"Mama," alisema, "hiyo maneno inawezekana."

"Jonah!" Ndinda alipiga kelele. "Mwaitu, mimi nina mume!"

"Mume gani? Mwite aseme jambo moja tu. Aseme hata 'hapana'. Hajakatazwa kusema kupitia ukuta, wengine wote wanasema. Aseme, mimi nirudi kwangu na kiondo changu."

Ndinda aligeukia ghala. Hakupiga kelele sasa. "Ndolo. Umesikia. Sema."

Ghalani mahindi yalichakarika tu.

"Ndolo, mimi nimechoka kuwa mdomo wako. Kila siku mama anasema hivi, Ndolo anasema hivi, na Ndolo hasemi kitu. Nakupenda na nimechoka. Sema neno moja."

Likaja lile lile analolijua. Kikohozi.

Ndinda alifuta macho kwa kanga. Alikwenda mlangoni, akainua sanduku la bati, akaliweka kichwani. Lilikuwa zito, shingo ilitetemeka. "Twende, mwaitu," alisema, na akaanza kutembea kuelekea njiani. Hakugeuka nyuma.

Alipofika kwenye mkonge wa mpakani, gita lililia.

Lilianza kwa uzi mmoja, taratibu, ule mwanzo ambao kila mtu mwenye redio Ukambani anaujua. Kalondu alisimama ghafla. Mkono ukaenda kifuani.

*Kitambaa chekundu kimepita,*
*nami nimelala kwenye mkonge.*
*Sina ruhusa ya kukutazama,*
*sina ruhusa ya kukuita.*

Ninawaandikia kwa Kiswahili, lakini aliimba kwa Kikamba, na sauti yake ilikuwa ile ya rekodi, ya mtu anayeongea na wewe peke yako. Hata mimi sijui kwa nini ile sauti inafanya kazi. Mtu mwenye furaha zake anaisikia, na mara anakumbuka kitu alichokuwa amesahau kukililia. Jonah, aliyeisikia wakati wa kurekodi, wakati wa kuuza na wakati wa kudanganya, alianza kulia tena kama mjinga.

"Jonah," Kalondu alinong'ona, "umekuja na gramafoni?"

"Hapana, mama."

"Mwana wa Ivia ako hapa?"

Mwimbaji alifika mwisho wa ubeti, pale ambapo kwenye rekodi gita linabaki peke yake. Vumbi la mahindi likamwingia kooni. Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu. Cha kusema niko hapa, pita mbali.

Kalondu aligeuza kichwa polepole kama mtu aliyeitwa na mtu aliyekufa. Aliangalia ghala. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kichwani, ukagusa kitambaa. Kilikuwa chekundu tangu zamani. Kikima nzima walimjua kwa kitambaa hicho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria. Nani angefikiria? Mtu anamwimbia mama mkwe?

Ndani ya ghala, Ndolo aliendelea. Sasa aliimba ubeti ambao Jonah hakuwahi kuusikia, kwa sababu siku ya kurekodi Ndolo aliona haya akauacha.

*Mama yangu walimzika sijajua kutembea,*
*nikakua nikiita jiwe.*
*Nikaoa, nikasema nimepata mama,*
*kumbe nimepata mgongo unaokwenda sokoni.*
*Nimetoa mawe njiani usianguke tena.*
*Kiondo chako kinakuinamisha, ninakiona.*
*Mikono ninayo. Ruhusa sina.*

Gita likanyamaza.

Ndinda alikuwa amerudi, sanduku bado kichwani, machozi yakishuka mpaka kidevuni. Hata yeye hakuujua ubeti huo. Alikuwa amedhani, na hakuwahi kumwambia mtu, kwamba kitambaa chekundu kilikuwa cha msichana fulani wa zamani wa Kwa Vonza. Alikuwa amemwonea wivu huyo msichana miezi na miezi, kumbe aliyekuwa akimwonea wivu ni mama yake mwenyewe.

Kalondu hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Jonah. Mama aliyekuwa akililia redio kila Jumapili alisimama na macho makavu.

"Nimemwita panya," alisema.

"Mwaitu..."

"Nimekaa hapa nimemwita panya, na yeye ndani anasikia. Ndinda, weka hilo sanduku chini."

Ndinda aliliweka.

Kalondu alivua mkanda wa kiondo kwenye paji la uso. Alikiweka kile kiondo chini katikati ya uwanja, kimejaa maparachichi ya soko. Akakaa juu ya sanduku la bintiye, mgongo ukiangalia ghala. Akafungua kitambaa chekundu kichwani, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwona hivyo, mvi zote nje. Akajifunga nacho machoni, akakaza fundo.

"Mwambie yule aliye mahali alipo," alisema, na sauti yake ya mlima wa pili ilikuwa imepotea kabisa. "Mwambie mimi nimefunga macho. Sioni mtu. Mbuzi na blanketi ataleta siku yake. Lakini kama mikono anayo, kiondo kiko hapa."

Mlango wa ghala ulilia. Ndolo alitoka, nywele zimejaa maganda ya mahindi, gita ameliacha ndani. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua. Ndinda alitaka kumshika mkono, akajizuia. Ndolo alipita mbele ya mama mkwe wake aliyefungwa macho, akainama, akainua kiondo, akaupachika mkanda kwenye paji la uso wake mwenyewe. Mwanamume mzima na kiondo cha kike kichwani! Hakuona haya hata kidogo, na huyo ni Ndolo.

"Amechukua?" Kalondu aliuliza.

"Amechukua, mwaitu," Ndinda alisema, akicheka na kulia.

Na hapo, wapenzi wangu, ndipo tulipomsahau mtu.

Jonah alisikia kwanza. Injini. Kisha sauti za kwaya, soprano mbele na besi nyuma, wimbo wa mazishi, wakipanda mlima kwa miguu kutoka walikoacha lori. Akaangalia huku, akaangalia kule. Kisha bwana Jonah Mwangangi, wa suti ya kijivu, aliingia ghalani na kujifungia kwa ndani.

Kwaya ikajaa uwanjani. Mbele alikuwa Mchungaji Muthama, koti jeusi, jasho likimtiririka, na nyuma yake wanaume waliobeba msalaba mweupe uliopakwa rangi vizuri sana. Mchungaji alimwona mama amekaa amejifunga kitambaa machoni, akaona huo ni msiba mkubwa kuliko alivyoambiwa. Akainua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Poleni sana, wafiwa," alisema kwa ile sauti ya mimbarini. "Sisi watu wa Tawa tumekuja kulia pamoja nanyi. Tumekuja kumlilia binti yenu, marehemu Ndinda."

"Marehemu nani?"

Kalondu aliruka kutoka kwenye sanduku kama aliyekalia siafu. "Marehemu nani?!" Akakivuta kitambaa machoni kwa mkono mmoja, akazunguka kutafuta binti yake.

Mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote, hatua moja tu, na kiondo chake kichwani, hakuwa binti yake.

Kwaya nzima ya Tawa ilishusha macho. Hawakuambiwa na mtu. Wote ni Wakamba, na walijua wanaloliona ni jambo ambalo halionwi. Msalaba ulianguka ukamgonga mtu wa besi mguuni, naye hakupiga hata kelele.

Kalondu na Ndolo walitazamana. Angeweza kukimbia, njia ilikuwa wazi, mkonge ulikuwa pale pale anapolalaga. Hakukimbia. Mashavu yalimtetemeka. Na mbele ya mchungaji, mbele ya mke wake aliye hai na msalaba wa mke wake aliyekufa, alisema neno lake la kwanza kwa huyo mama.

"Mwaitu," alisema.

Kalondu akainua mkono, akamtoa ganda la mahindi kwenye nywele.